Nilimuita Mujukuu Wangu Inspecteur Mbele Afanye Concours

Ninyi munaosoma ukurasa huu, musinitafutie udhuru. Wengine wanaandika hapa kwamba shetani aliwapitia. Mimi hakuna shetani aliyenipitia. Nilikuwa nimeketi mu salon yangu, hapa Laeken, Bruxelles, nimeshiba, akili yangu yote iko kichwani, na nikafanya ujinga kwa mudomo wangu mwenyewe. Aliyelipa ni mujukuu wangu.

Nitamuita Bijou. Jina yake ya kweli nimeshaitumia vibaya mara moja, inatosha.

Mama yake, binti yangu, aliolewa tena akafuata bwana inchi ingine, mutoto akabaki kwangu akiwa bado na meno ya maziwa. Nilimulea mimi. Na mimi sikusoma. Kule Lubumbashi baba alinitoa shuleni nikishajua kusoma Zaburi na bango ya duka, akasema kwa mwanamuke imetosha. Kwa hiyo siku Bijou aliingia université, nilitembea mu quartier kifua mbele, kama vile ni mimi walinipokea.

Kisha nikauliza anasoma nini.

"Botanique, kambo." Kambo ndiyo bibi, kwetu Katanga.

"Ile inatibu wapi? Moyo ao tumbo?"

"Haitibu, kambo. Ni kusoma mimea. Majani, miti, maua."

 Nilikuwa nakunja nguo. Nikakunja kikapu nzima. Kisha nikasema:

"Bijou, mama yangu alilima. Kambo yangu alilima. Miye nililima mpaka mikono ikapasuka. Njo tukapanda avion, tukakuja ku Bulaya, ili weye usome majani?"

"Kulima na kusoma mimea haiko kitu moya, kambo."

"Ni kweli. Mwenye kulima anakula."

Hivyo ndivyo tuliishi miaka ile. Mu dirisha ya jikoni vikopo vya yaourt vimejipanga, kila kimoja na kijiti chake. Ku baignoire matawi yanaoga kabla yangu. Biblia yangu kubwa, kwa sababu ni nzito, aliitumia kukandamiza majani yakauke. Nikifungua ku kanisa, pasta anasoma Isaya, kwangu nyasi inaanguka. Tukienda kupanda tram, anasimama ku uzio wa watu, anakata jani, anasugua, ananusa. Jirani mumoja akaniuliza kama tunafuga sungura. Nikajibu ndiyo, tunafuga. Sungura ilikuwa aibu kidogo kuliko botanique.

Siku ingine ananionyesha ua la bustani, zuri, zambarau. "Kambo, hii na matembele yako ni famille moya."

"Majani iko na famille?"

"Iko nayo, kambo."

"Na iko na bashemeki? Nani njo anakulaka mahari?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa bado anacheka na mimi wakati ule.

Bon. Akamaliza université, akapata kazi ya kuuza maua mu duka moja ya Ixelles. Ndipo akaniambia kuna concours, mitihani ya kugombea kazi. Serikali inatafuta watu wachache wa kuangalia mimea inayoingia mu inchi. Mzigo unafika ku aéroport, wanafungua, wanatafuta wadudu na ugonjwa. Kizuri kinapita, kibaya kinachomwa. Na mitihani yenyewe ni miwili: kwanza wa kuandika, kisha ukipita unaitwa mbele ya jury, wale wakubwa wenye kuuliza. Pale kuna meza imejaa matawi na mizizi, mingine mizima, mingine migonjwa, na weye unasema jina, famille, ugonjwa, na kitu gani ifanyike.

Mutoto alisoma. Sitamupunguzia hiyo. Alikuwa anatoka duka miguu imevimba, anakula amesimama, anafungua vitabu. Nikiosha sahani, yeye anapangusa huku anataja majina ya kilatini, moja ndefu kuliko ingine, kama padri wa zamani. Mara ananipa majani nimushikie, nimuulize: "Hii nini?" Mimi sijui jibu, naangalia uso wake tu. Akisita kidogo nasema umekosa. Na mara nyingi alikuwa amekosa kweli. Nikaanza kujiona mwalimu.

Lakini mu hayo yote aliyoniambia, masikio yangu yalishika neno moja tu: yeye ndiye atasema kipi kipite.

Inabidi mujue sisi. Mwanamuke wa kwetu anayeishi hapa Bruxelles, hata awe ameokoka namna gani, iko na kitu chake walichoma ku aéroport. Muulize, atakuhesabia kama mwenye kuhesabu wafu. Huyu sombe mbichi, majani ya muhogo, huyu mapera, huyu miche ya biringanya machungu. Na kila mara tunasema maneno yaleyale: kama tungekuwa na muntu wetu pale ndani. Sisi hatuulizi sheria inasema nini. Tunauliza nani iko ku mulango.

Donc, ku kanisa tuko na réunion ya wamama kisha ya ibada. Kuna saa ya ushuhuda. Na kwetu ushuhuda haungoji kitu kitokee. Unashukuru mbele, kwa imani, ili Mungu aone haya kukunyima. Kwa imani watu wamepata papiers, wamepata nyumba, wamepata mabwana. Maman Régine, présidente wetu, kwa imani kijana wake ni avocat wa mahakama. Nimemuona kwa macho yangu anauza vifuniko vya simu kule Matonge. Lakini ku kanisa ni avocat, na sisi wote tunaitika amina, maana kila mumoja iko na avocat wake mu mufuko.

Siku ile Maman Régine alikuwa amesimama tena na avocat wake. Nilikuwa nimechoka na ule avocat. Akikaa tu, mimi nikasimama.

"Namushukuru Mungu," nikasema, "mujukuu wangu Bijou njo inspecteur mukubwa wa mimea ku aéroport. Kila jani yenye kuingia Belgique, ni yeye anasema ipite ao isipite."

Bijou alikuwa hata hajafanya mutihani wa kuandika. Alikuwa ndani ya duka anafunga bouquet ya maua ya mazishi ya muntu.

Vigelegele vilipigwa mpaka wazungu wa ghorofa ya juu wakagonga. Kisha ya ibada ile nikawa Maman Inspecteur. Maman Régine mwenyewe alinisogezea kiti cha mbele, chake cha siku zote. Mutu akikuita cheo, masikio yanapata mafuta. Nikaanza kuchelewa makusudi ili waniite nikiingia.

Kisha Bijou akapita ule wa kuandika kweli. Alikuja, akanikumbatia, akasema bado jury. Mimi sikusikia bado. Kwangu ilikuwa imeisha. Imani imefanya kazi, Mungu ameona haya.

Na wamama wakaanza kuja. Mumoja anasema nyuma ya kanisa kuna kipande cha udongo, tungepanda matembele ya kwetu, ile ya shina nyekundu, hii ya maduka inafika imechoka kama muntu aliyelala ku gare ya train. Mwingine anataka na biringanya. Maman Régine akanishika mukono:

"Maman Inspecteur, uko na muntu pale. Tutaendelea kula barbe ya mahindi, zile ndevu za kutupa, na muntu tuko naye?"

Ningeweza kusema ngojeni. Ilikuwa neno moja. Nikasema:

"Leteni majina ya mimea munataka."

Nikanunua carte ya simu, nikamupigia mudogo wangu Lubumbashi, yeye ananiitaka yaya, dada mukubwa. Nikamuambia atafute shina za matembele zenye mizizi, azifunge na udongo wake ili zisife, aweke na miche ya biringanya na sombe kidogo, atume kwa fret, mizigo ya avion.

"Yaya, si banakatazaka udongo?"

"Andika jina ya Bijou na namba yake ya simu. Bakiona ile jina watapitisha."

"Alishaanza kazi?"

"Anaanza. Andika tu, na uandike yote, hata ile jina ya mama yetu."

Maana Bijou nilimupa jina ya mama yangu mimi. Hakuna mwingine mu Belgique nzima mwenye kuibeba. Nilifikiri hiyo ndiyo nguvu yake.

Juma moja kabla ya jury, simu ikalia. Bijou alijibu, akasikiliza, akasema oui, akasema non, akasema oui tena kwa sauti ndogo. Akaweka simu.

"Kambo, kuko colis ya mimea ku aéroport. Banasema ni yangu."

"Labda ni ya mwingine."

"Iko na jina yangu nzima."

"Bantu banafanana majina."

"Jina ya mama yako, kambo? Nani anafanana naye?"

Nikaangalia télévision. Ilikuwa imezimwa.

"Kambo."

"Sema haujui," nikamujibu. "Sema ni adui alituma. Unazani Lubumbashi adui bamekosa?"

Tukaenda pamoja. Mimi nilienda kwa sababu nilitaka kuokoa matembele, naandika kama ilivyokuwa. Njiani nilikuwa bado naamini kwamba wakimuona tu, msomi, kifaransa chake cha puani, watatupatia boîte, ile sanduku yetu, na kutuomba radhi.

Pale kulikuwa bwana mumoja mwenye glove za bluu, mutu wa adabu. Boîte yetu iko juu ya meza ya chuma, imefunguliwa, udongo mwekundu wa kwetu umemwagika. Nilipouona machozi yalinitoka, na yeye akazani ni majuto. Akauliza Bijou kama mzigo ni wake.

Bijou akanigeukia. Sikieni, hapa ndipo kosa langu liko, si kule ku kanisa. Kule nilipiga domo tu, na domo kila muntu anapiga. Hapa mutoto alinigeukia na kuningoja. Na mimi kifaransa nakijua. Nabishana nacho na wauza nyama, nimekitumia kumufukuza plombier wa mabomba. Nikakaza macho kama muntu aliyeshuka avion asubuhi ile, haelewi kitu.

"Umefika kwa jina yangu," Bijou akamuambia, "basi ni mimi nitaujibia."

"Unajua kilicho ndani?"

Bijou akavaa glove. Akanyanyua shina moja, akalipasua kwa vidole, akamuonyesha. Ndani kulikuwa kidudu cheupe, kinene, kimejikunja kama mutoto mu tumbo. Akataja jina ya mumea kwa kilatini, akataja ya mududu, akaeleza anatoboaje viazi, akasema udongo nao ni mbaya zaidi, haufai kutoka mu chumba hiki. Akasema yote ichomwe.

Yote. Hata sombe, ambayo haikuwa na kosa. Nikamukodolea macho. Wakati ule, mbele ya Mungu, niliona yeye ndiye amenisaliti.

Yule bwana alikuwa anamuangalia kwa namna ingine sasa. "Ulisoma wapi?"

Akamuambia.

"Na sasa unafanya nini?"

"Najitayarisha kwa concours."

"Ipi?"

"Ya hapa kwenu."

Bwana akavua glove polepole, moja, kisha ya pili. Niliona amehuzunika, na huzuni ya yule muzungu ilinitisha kuliko kama angepiga kelele. Akasema, mademoiselle, inabidi nitoe habari. Muntu anayeingiza mimea iliyokatazwa, hatuwezi kumufungia macho kwa sababu anajua jina zake.

Bijou akasema anaelewa.

Ku nyumba hakunikaripia. Angenikaripia ningepata pa kushika. Usiku kabla ya jury alikuja kukaa pembeni yangu ku kitanda, akasema:

"Kambo, kesho kwenda na miye. Useme tu ni weye ulituma bantu. Mutu muzima wa inchi ingine, hakujua sheria. Hawatakufanya kitu. Wataelewa."

"Miye niingie mbele ya wazungu, niseme niko mwizi wa matembele?"

"Si mwizi. Useme haukujua."

Haukujua. Neno lile ndilo lilinichoma. Mimi, Maman Inspecteur, niende kusema sikujua? Na habari itoke, ifike kwa Maman Régine? Nikamuambia niko na mugongo. Nikamuambia aende kwa imani.

Akaenda peke yake. Alirudi saa ya kula, akaweka mufuko wake chini, akakaa ku kiti cha jikoni na koti mwilini.

"Meza niliijua yote," akasema. "Hata moja haikunishinda."

"Si nilikuambia."

"Kisha wakaniuliza ya colis. Wakasema, kama haikuwa yako, sema ya nani, tutasikiliza. Waliuliza tena."

"Ukasema nini?"

"Kambo, ulinifundisha nini? Mukubwa hatajwi mbele ya bantu."

Nilimufundisha kweli. Akiwa mudogo nilimupiga kwa hiyo, alipomuambia assistante sociale wa serikali kwamba kambo ni mukorofi. Alijifunza vizuri. Mutoto wangu anajifunzaka vizuri kila kitu.

Hawakumuchukua. Wengine walichukuliwa. Mumoja alikuwa rafiki yake, alikuwa anakuja kwetu kuuliza majibu.

Na mimi munazani nilijificha? Nilirudi ku kanisa, nikakaa kiti cha mbele. Walipouliza boîte, nikasema wazungu wameiba, wamekula wao. Tukawasikitikia wazungu kwa roho yao mbaya, tukaomba juu yao. Na jina ya Maman Inspecteur nikabaki nayo, sikuirudisha.

Bijou akahamia Jette na mwenzake. Duka ya maua iko bado anafanya. Anakuja jumapili, analeta chakula, anaosha sahani, ananikata kucha za miguu maana siinami tena. Heshima iko yote, hakuna kasoro, ungesema infirmière na mugonjwa wake. Siku moja nikakata shauri: nikachuma jani ku uzio, nikamupelekea mu kiganja, nikamuuliza, "Hii nini, Bijou?"

Akaliangalia. "Sijui, kambo," akasema, akaenda kufungua robinet ya maji.

Nikasikia concours imefunguliwa tena. Miaka ilikuwa imepita. Ndipo nikavaa pagne yangu nzuri, nikachukua bus peke yangu mpaka kule aéroport, nikamutafuta yule bwana wa glove. Mvi zilikuwa zimemuingia. Nikamuambia kwa kifaransa changu chote: ni mimi. Boîte ilikuwa yangu, mutoto hakujua.

Alinipa kiti. Alisema, "Madame, nilijua. Ulikuwa unalia kwa ajili ya udongo. Yeye alikuwa anaangalia mududu."

"Basi muandike sasa."

"Yeye mwenyewe alikuja kisha ya ile jury. Alisema mzigo ni wake, akaomba radhi, kesi ikafungwa. Hakuna mutu anayemukataza kurudi. Tulimuandikia mara hii. Alijibu hataki."

Hataki. Nilikuja na kweli yangu mu kifua kama muntu anayebeba yai, na hakuna aliyeihitaji. Nilirudi na bus ileile.

Jumapili iliyofuata nilisimama saa ya ushuhuda. Nikasema yote, bila imani, vile tu ilikuwa. Kwamba mujukuu wangu hakuwa inspecteur hata siku moja. Kwamba angekuwa. Kwamba nilimunyang'anya kwa ajili ya kiti cha mbele na mboga. Nikasikia radiateur inapiga ku ukuta. Nikangoja wanipige kwa maneno, nilikuwa nimejitayarisha.

Maman Régine akakohoa.

"Alors," akasema, "ile matembele, bachoma yote?"

Ndio watu niliowauzia mutoto.

Kwa hiyo weye unayesoma hapa, na mutoto wako anajitayarisha kwa kitu fulani, hata kama ni kitu unachokicheka: mupe chakula, mupe kimya. Asipoingia bado ku mulango, usimupange kuwa mulinzi wa ule mulango. Na siku atakugeukia mbele ya watu akungoje useme neno moja, sema. Kifaransa kibovu, kizuri, kilingala, lugha yoyote. Mimi niliingoja lugha yangu irudi mpaka mutoto akaacha kunigeukia.